Udongo wa Daraja la Kwanza

Simu ya mama mdogo ilinikuta sokoni Masasi, mkono mmoja umeshika kopo la kupimia choroko, mwingine umebana mdomo wa kiroba ili mteja asije akajiongezea. Mama mdogo hapendi simu. Akipiga, huongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo, kisha hukata kabla hujajibu. Siku ile alitulia.

"Mwanangu, udongo wetu umefaulu."

"Umefaulu nini?"

"Kipimo. Bibi shamba kasoma majibu leo, watu wote wapo. Shamba la mama yako limo kwenye yale mazuri."

"Sasa mbona unaongea kama mtu aliyefiwa?"

"Nimefiwa," akasema.

Kweli alikuwa amefiwa. Mama yangu, dada yake, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati mikorosho inapuliziwa salfa. Mimi nilikuwa nimeuzoea msiba ule kama wangu peke yangu, nikasahau kwamba kuna mwingine aliyekuwa analala chumba cha pili.

"Kaka anasema kama udongo umefaulu, basi aliyefeli ni mimi," akaendelea. "Anataka msimu huu nishuke bondeni."

Hapo ndipo alipokata. Mteja wangu akaniuliza mbona nimetulia, kwani bei imepanda? Nikamwambia bei iko palepale, na kopo nimeshapima, asilitikise.

Kwetu, juu kule Newala, shamba hufuata upande wa mama. Lile lilikuwa la bibi, likaja kwa mama, na mama alipoondoka likabaki kwa mama mdogo, ambaye hana mume wala mtoto, ana jembe na kuku wachache wasiomsikiliza. Mjomba, kaka yao mkubwa, halimi pale hata siku moja, ila neno la mwisho ni lake. Na bondeni alikokuwa anakusema ni chini kabisa, upande wa Ruvuma, kwenye pori la ukoo ambalo halijawahi kufyekwa. Ardhi mpya, mahindi yanakuja yenyewe. Tembo nao wanakuja wenyewe. Mwanamke wa umri wake angekaa huko peke yake juu ya dungu, anagonga debe kufukuza wanyama, huku kaburi la dada yake likibaki huku juu, pembeni ya shamba, bila mtu wa kulifagia. Hilo la kaburi hakulisema. Halikuhitaji kusemwa.

Kwamba mavuno yalikuwa mabaya, hilo halikuwa na ubishi. Mwezi wa nne nilipanda kwenda kuangalia. Mahindi kati ya mikorosho yalikuwa yamefika magotini yakachoka, majani ya njano, magunzi ya ukubwa wa kidole gumba. Mimi nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Biashara ndiyo iliyonifundisha. Yalipovunwa, nilihesabu viroba mara mbili. Hesabu ya pili haikunisaidia.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mimi na mama tu ndio tuliolijua. Mahindi yake nayo, miaka yake ya mwisho, yalikuwa hivyohivyo. Nilikuwa namnunulia mahindi Lukuledi, napandisha kwa basi, na yeye anayachanganya na machache yake, anaanika yote pamoja uani ili anayepita aone mwanamke aliyevuna. Mjomba alipita. Aliona. Mpaka siku ile alikuwa akisema dada yake alikuwa na mkono wa kilimo. Ili nimtetee mama mdogo aliye hai, ilinibidi nimvue nguo mama aliye kaburini. Niliwaza hilo kwenye basi njia nzima, kutoka Masasi mpaka gari lilipoanza kupanda mlima na upepo wa Newala ukaanza kuingia dirishani. Niliwaza bila uchungu wowote. Tangu msibani nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona, unaugusa, lakini si wako. Msibani watu walisubiri nilie. Mimi nilikuwa nahesabu sahani za kuazima.

Kwa heshima nilianzia kwa mjomba. Nilimkuta uani amechuchumaa anafungua mashine ya kupulizia, nyusi zake njano kwa salfa kama kifaranga.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

"Nimekuja na basi."

"Basi halina shida na mimi." Akapuliza vumbi kwenye bomba. "Mama yako mdogo kakupigia."

"Kanisalimia."

"Sasa sikiliza. Kipimo hakina shangazi wala mjomba. Mimi nimekaa miaka pale ghalani kwenye chama cha msingi, naona korosho zinapimwa. Korosho ikiwa daraja la kwanza halafu gunia halijai, unamuuliza nani? Mkorosho? Unamuuliza aliyetumwa kuokota."

"Labda mvua, Mjomba."

"Mvua ilinyesha kwangu, ikanyesha kwake. Au na mvua ina shida na mimi?"

Sikubishana. Ukibishana na mtu ambaye mkononi ana spana, unamwongezea muda. Nikaomba ruhusa nikamsalimie mama mdogo.

Alinipokea kwa uji na kimya. Alikuwa amekonda kidogo. Tulipomaliza nikamwambia nataka kutembea shambani, akasema nenda, mimi nina kazi, na akaanza kufagia mahali alipokuwa ameshafagia. Hiyo ningeitilia shaka hata sokoni.

Udongo wa kwetu ni mwekundu, mwepesi, unapita kwenye vidole kama unga wa muhogo uliochanganywa na kutu. Nilitembea mstari hadi mstari, natafuta ulikochotwa udongo wa kipimo. Hakuna mahali palipochimbwa. Ikabidi nirudi nyuma ya nyumba, kwenye mahame, pale ilipokuwa nyumba ya kwanza ya mama, ile ya miti na udongo iliyobomolewa tulipojenga ya bati. Mafiga ya jiko la zamani bado yapo, matatu. Pembeni ya mafiga, pale ambapo mama alikuwa anamwaga majivu kila asubuhi maisha yake yote ya ndoa, kulikuwa na shimo dogo, kingo zake zimekatwa vizuri kama kipande cha mkate. Udongo wake mweusi. Kulikuwa na vipande vya mkaa na ganda la njugu mawe.

Nikarudi na ganda lile mkononi.

"Mama mdogo, udongo ulioupeleka kupimwa uliuchota wapi?"

"Shambani."

"Shambani wapi?"

"Shambani kwetu." Akaweka ufagio chini. "Kwani mgeni akija unampokelea chooni?"

"Bibi shamba hakuja kama mgeni."

"Ametoka Mbeya huko, kapanda pikipiki mpaka hapa, anasema leteni udongo wenu nikaupime. Nimpe ule mwekundu? Wenzangu wamepeleka mzuri, mimi nipeleke takataka, jina la dada yangu lisomwe mbele ya watu kwamba shamba lake daraja la chini?"

"Wenzako wamepeleka upi?"

Akanitajia, bila aibu, kama anayesimulia mapishi ya harusi. Mmoja alikwangua chini ya banda la mbuzi. Mwingine alikwenda kwenye kichuguu. Jirani wa upande wa barabarani aliuchekecha kwa chekecheo la unga, akatoa vijiwe vyote, akaufunga kwenye mfuko mpya. Ni mzee mmoja tu, anayejulikana kwa kupenda uraka, ile pombe ya mabibo, ambaye siku hiyo alichota pale mguu wake ulipokuwa umesimama, akapeleka. Wakati wa kusoma majibu, udongo wake peke yake ndio uliokutwa umeharibika. Watu walimcheka mpaka jioni.

Nilikaa kwenye kigoda. Ningecheka, kama ningekuwa na kicheko karibu. Sisi watu wa korosho tumepimwa tangu tukiwa wadogo. Unafika ghalani na gunia lako, mtu anachoma kikucha cha chuma, anatoa konzi moja, anapasua, anaangalia ndani, anakwambia wewe ni daraja gani. Anaposema la pili, njia nzima ya kurudi nyumbani hata baiskeli inakudharau. Mtu aliyekulia hivyo, ukimwambia alete kitu chake kikapimwe, ataleta kile anachotaka aonekane nacho. Mimi mwenyewe choroko nzuri naziweka juu.

"Mama mdogo," nikasema, "ule udongo ulioupeleka si shamba. Ni jiko la mama."

"Najua ni jiko la dada. Ndiyo maana ukafaulu."

"Umefaulu, na wewe unashushwa bondeni."

Kuku mmoja akapanda kwenye chungu, mama mdogo hakumfukuza.

"Twende tukamwambie bibi shamba apime upya," nikasema. "Udongo wenyewe. Ule mwekundu."

"Ili nisomwe mara ya pili? Kwanza mvivu, halafu mwongo?"

"Nitaongea naye, nimwombe asisome mbele ya watu."

"Aje kabla watu hawajaanza kwenda visimani."

"Atakuja mapema."

"Na asivae lile koti la kazi. Likionekana tu, kijiji kizima kinakuja kuuliza."

"Koti nitamwambia."

"Na kaburini asichimbe."

"Hachimbi kaburini mtu, Mama mdogo."

"Nasema tu."

Nimenunua mbaazi za wakulima wagumu Lisekese, Lupaso, na kwingine, lakini sijawahi kupewa masharti matatu kwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe ndiye anayekihitaji. Nilikubali yote. Sikuwa na cha kupunguza.

Bibi shamba, afisa kilimo wetu, ni binti mdogo, ana sauti ya chini na buti kubwa kuliko yeye. Nilimkuta ofisini kwake kwenye kata anakula mhogo wa kuchoma. Nilimweleza yote, taratibu. Nilipofika kwenye chekecheo aliacha kutafuna.

"Wote, Mama?"

"Wote isipokuwa mzee mmoja."

Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anafikiri.

"Ndiyo maana," akasema ndani ya viganja. "Nilijiuliza, kijiji kizima kina samadi, na mbuzi wenyewe hawazidi wa kuhesabu. Na mimi nilisema leteni udongo, nikaona nimeshasema." Akashusha mikono. "Nitarudia wote, lakini si kwa siku moja. Kwenu nitaanza kesho."

"Bila koti."

"Koti lina ubaya gani?"

"Halina. Bila koti."

Kesho yake alikuja mapema, amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali, kama mtu aliyekuja kusaidia kupalilia. Alitembea shambani kama mlevi makusudi, anakwenda kushoto, anarudi kulia, ili asipendelee upande wowote. Kila aliposimama alisukuma majani pembeni, akachimba shimo kwa jembe la mama mdogo, akakata kipande chembamba ukutani mwa shimo, akatia kwenye ndoo. Mama mdogo alimfuata nyuma akinong'ona. Kila pakiwa pabaya alisema, "Hapo kidogo hapako sawa, sogea pale." Bibi shamba alikuwa anajibu, "Hapohapo, Mama," na kuchimba.

Walipokaribia kaburi wote wawili walikata kona bila kuambizana.

Kisha akamwaga ndoo yote juu ya mfuko mpana, akachanganya kwa mikono, akausambaza kama chapati, akaugawa mara nne kwa kidole. Pande mbili zinazotazamana akazitupa. Zilizobaki akazichanganya, akazigawa tena, akatupa tena. Mpaka shamba zima likawa konzi moja.

Nilikuwa nimeshaona mgao wa namna ile. Siku ya arobaini vitu vya mama viligawanywa hivyohivyo uani, juu ya mkeka: khanga upande huu, sufuria upande huu, hiki cha huyu, hiki cha yule, na kilichobaki kinagawanywa tena. Mimi nilipata khanga moja. Ilikuwa inanuka salfa, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anajifungia usoni wakati wa kupuliza. Niliiweka kwenye begi Masasi, sikuifua, sikuivaa. Nilipomwona bibi shamba anafunga ile konzi ya udongo na kuandika kwenye mfuko, nilisubiri nihisi kitu. Ikapita pikipiki barabarani. Mama mdogo alikuwa ameinama anaokota ule udongo uliotupwa, anaurudisha kwenye mashimo, shimo kwa shimo.

"Unafanya nini?"

"Ni wa kwetu," akasema. "Utatupwaje?"

Majibu yalipotoka, bibi shamba hakuyasoma kwenye simu. Alinitaarifu siku tu, nikapanda tena, naye akaja mwenyewe hadi kwa mjomba. Tulikaa barazani: mjomba kwenye kiti, sisi wanawake kwenye mkeka, ila bibi shamba alipewa kigoda kwa sababu ana mshahara. Kwanza alieleza lile la jiko na majivu. Alijibebesha mwenyewe sehemu kubwa ya kosa, kwamba alitoa maelekezo nusu. Mjomba alimsikiliza kisha akamgeukia mdogo wake.

"Yaani ulipeleka majivu ya dada?"

"Nilipeleka udongo mzuri, kaka."

"Ghalani tungekukamata."

"Ghalani na wewe uliwahi kuloweka korosho zizidi uzito," mama mdogo akajibu, anatazama mkeka.

Mjomba akakohoa. "Endelea, mwanangu," akamwambia bibi shamba.

Bibi shamba akaendelea. Udongo wa shamba umekuwa mchachu, akasema, umejaa tindikali. Mahindi ukiyapanda humo mizizi haishuki, hata ukilima kwa bidii namna gani, hata ukitia mbolea, chakula kipo lakini mdomo umefungwa. Mhogo unavumilia. Mahindi hayavumilii. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, nayo haifanyi kazi kwa siku moja.

"Uchachu umetoka wapi?" mjomba akauliza. "Hapa hakuna ndimu."

"Kwenye salfa, baba."

Nilimwangalia mjomba. Nyusi zake bado zilikuwa na njano.

"Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa maua ya mkorosho," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Bila salfa korosho haishiki. Hii nyumba ni salfa. Huyu hapa," akaninyooshea kidole, "kasoma kwa salfa."

"Ni kweli, baba. Sikatai. Lakini unapopuliza, si yote inabaki juu. Inashuka, mvua inaipeleka chini, na chini huko inachachua. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Shamba likiwa na mikorosho iliyopuliziwa miaka mingi, lazima lifike hapo."

"Kwa hiyo si jambo la msimu mmoja."

"Hapana, baba. Hili ni la siku nyingi."

"La siku nyingi." Mjomba akaweka mikono magotini. Nilimwona anahesabu, na mimi nilikuwa najua anakoelekea kabla hajafika. "Kwa hiyo hata dada, miaka ile..."

Akanitazama. Nikatazama mlango wa ghala lake. Mama mdogo alikuwa anavuta uzi kwenye mkeka. Bibi shamba, ambaye hakujua kilichosimama katikati yetu, akanywa maji.

"Alikuwa anaanika uani," mjomba akasema baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mahindi mengi."

"Alikuwa anaanika," nikasema.

Mjomba alichukua kitambaa akajifuta nyusi, akakiangalia kitambaa, akakikunja upande wa njano ukiwa ndani.

Mama mdogo akainuka nusu, akajifunga khanga yake upya, akakaa tena amenyooka, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye zawadi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amefeli kipimo, na kimempa haki.

"Sasa bondeni?" nikamuuliza mjomba. Ukiona mtu amekunja kitambaa, usimwache akikunjue.

"Tutaona. Msimu mmoja."

"Miwili, Mjomba. Bibi shamba amesema chokaa si chumvi kwenye mboga, uonje palepale."

"Mmoja. Pori halitanisubiri."

"Pori limekusubiri tangu bibi yuko hai."

"Mmoja na nusu."

"Hakuna nusu msimu."

"Ipo," akasema. "Mbaazi. Mahindi yatavunwa, mbaazi zitabaki shambani. Mpaka mbaazi zivunwe anakaa. Baada ya hapo tunapima na macho."

Nikamwangalia mama mdogo. Akanyanyua kidevu kidogo. Tukamaliza kwa bei hiyo.

Chokaa ya kilimo ilikuwa ya kungoja. Mgao wa kwanza ulikuwa umeshakwenda kwa yule mzee wa uraka, ambaye ndiye pekee kijijini aliyekuwa na majibu mabaya, na sasa alikuwa na viroba vimepangwa barazani, anavikalia wageni wakija. Watu waliomcheka walikuwa wanamwamkia kwa mbali. Bibi shamba akasema tusikae bure, majivu ya kuni nayo yanapunguza uchachu, si sana, lakini yanapunguza. Ndiyo maana lile jiko la mama lilikuwa vile. Majivu ya jiko moja la mwanamke mmoja hayatoshi shamba. Lakini Masasi, nyuma ya soko, kuna mama ntilie wengi, na kila asubuhi wanayatupa.

Niliwaambia wanitunzie. Wa kwanza alidhani nimepata mganga. Wa pili, aliposikia wa kwanza ametoa bure, akasema kwake ni biashara, nikamwambia basi ayapike. Akanipa. Nilijaza viroba, nikavihesabu, nikavihesabu tena, nikavipeleka stendi.

Kondakta wa basi la Newala ni kijana anayejua uzito wa kila kitu kwa kukitazama. Hivi vilimchanganya, vikubwa halafu vyepesi.

"Mama, humu umeweka nini?"

"Majivu."

Akaondoa mkono kwenye kiroba. "Ya nani?"

"Ya mama ntilie."

"Wote hawa?"

"Ni majivu ya kuni, wewe. Pandisha."

"Majivu mimi sijawahi kupakia. Sijui bei yake."

"Basi hayana."

"Kisicho na bei ndicho ghali," akasema, na tukavutana mpaka dereva akapiga honi. Tuliishia nusu ya nauli ya mzigo wa mahindi. Nilipandisha mara kadhaa kabla ya mvua, na kila safari aliwaambia abiria wasikanyage, humo kuna ndugu za watu.

Mama mdogo aliyamwaga mistarini kwa bakuli, akayafukia kwa jembe, kuanzia upande wa kaburi. Hayakutosha shamba lote. Mikorosho ya karibu na nyumba mjomba aliiletea dawa nyingine ya maji badala ya salfa, akaipuliza mwenyewe, haongei na mtu. Kisha mvua, kisha mahindi. Sitasema yalikuwa kama ya bondeni. Palipofika majivu yalipita kiuno na yakawa ya kijani; palipoishia majivu ungeweza kuuona mpaka wenyewe kwa macho, kama mtu aliyevaa shati bila suruali. Mama mdogo aliwaleta majirani kuuangalia mpaka ule. Wao nao wakaanza kutunza majivu, na asubuhi kijijini pakawa hakuna wa kukupa hata ya kusugulia sufuria.

Mbaazi zilipovunwa nilipanda. Mjomba alikuja na fimbo, akavizunguka viroba, akavihesabu. Nami nikavihesabu baada yake. Tukapata sawa, jambo ambalo kwetu ni nadra.

"Bondeni kuna tembo wengi sana siku hizi," akasema, kama aliyepata habari hiyo njiani. "Si pa kumpeleka mtu."

"Nimesikia," nikasema.

Akamwambia mdogo wake ampe mbaazi za mboga, akaondoka na bakuli.

Bibi shamba alikuwa ameahidi kurudi kupima tena. Mama mdogo alikuwa ameshajiandaa, ameosha ndoo, jembe limenolewa. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, wewe unamjua. Safari hii nichote wapi? Nimeona pale kwenye mtaro wa barabara pamekufa kabisa, hata nyasi haioti."

"Kwa nini uchote pale?"

"Ili watuletee chokaa nyingi."

Nikamwambia amuulize bibi shamba mwenyewe. Akasema bibi shamba atasema kote, yule anapenda kusema kote.

Jioni nilishuka na kiroba kimoja cha mbaazi alichonifungia, na ile khanga ya mama nilikuwa nimeivaa. Sikuwa nimepanga, kulikuwa na upepo asubuhi na ndiyo iliyokuwa juu kwenye begi. Kondakta alikipima kiroba kwa macho.

"Leo mzito. Majivu yamelowa?"

"Mbaazi."

"Za kwako?"

"Za mama."

Akanyanyua, akapakia. Nikakaa kwenye kiti changu. Basi lilipoanza kuteremka mlima nilijifunika khanga mpaka puani kwa sababu ya vumbi, na abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa macho. Nikamwambia ni salfa. Akanielewa, naye ni mtu wa kwetu.

Kondakta alipita kukusanya nauli. Mzigo alinitoza bei kamili.